Chupa Isiyorudi Bara: Ahadi ya Hewa Ukaa ya Kampuni ya Bia na Bohari ya Hoteli Moja ya Unguja

Hoteli inayohusika iko ukanda wa mashariki wa Unguja, kati ya Paje na Jambiani, na mlango wa nyuma wa bohari yake ya vinywaji unatazama mashamba ya mwani, ambayo bahari ikikupwa huonekana kuwa safu za vigingi na kamba hadi karibu na mwamba. Wakala wa utalii wa Ulaya anayeiletea hoteli hiyo sehemu kubwa ya wageni wake aliipelekea dodoso la kutaka kujua gesijoto, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoipasha dunia, zinazotokana na bidhaa inazonunua, mstari mmoja kwa kila kundi la bidhaa: nyama, mchele, mashuka, sabuni, maji ya chupa, bia. Meneja alijaza mistari mingine kwa makisio ya kawaida, lakini alipofika kwenye bia alimwandikia msambazaji wake, na msambazaji akamletea kijitabu cha kampuni ya bia chenye picha ya masuke ya shayiri na ahadi mbili, kwamba viwanda vyake vitafikia sifuri halisi ya hewa ukaa (yaani kisitolewe zaidi ya kinachoondolewa angani) ifikapo 2030, na kwamba mnyororo wake mzima, kutoka shamba hadi mdomoni mwa mnywaji, utafikia sifuri halisi ifikapo 2040. Meneja alitaka kuandika sifuri, au walau nusu ya makisio ya kawaida. Niliitwa kuipitia hesabu hiyo kabla haijatumwa, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Niseme mapema kwamba mimi si mnywaji, na wengi watakaoisoma hesabu hii hapa visiwani si wanywaji pia. Lakini ukiacha maji ya kunywa, bia ndiyo mzigo mzito kuliko yote unaoingia katika bohari ile, na mkaguzi hana ruhusa ya kuuruka mstari kwa sababu haupendi.

Tuanze na ahadi yenyewe, kwa kuwa haikutoka hewani. Baada ya Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi kampuni kubwa za bia zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutangaza shabaha. Carlsberg ya Denmark ilitangaza 2017 kwamba viwanda vyake havitatoa hewa ukaa ifikapo 2030, na kwamba bia inayomfikia mnywaji itakuwa imepunguziwa asilimia 30 ya hewa ukaa ikilinganishwa na 2015. Heineken ya Uholanzi ilitangaza 2021 kuviondolea hewa ukaa viwanda vyake ifikapo 2030 na mnyororo wote ifikapo 2040. AB InBev, ambayo tangu iinunue kampuni mwenzake ya bia, SABMiller, 2016 ndiyo mwenye hisa nyingi katika Tanzania Breweries, iliweka shabaha za 2025 kwa vipimo viwili tofauti: upungufu wa asilimia 35 wa jumla ya kile kinachotoka katika viwanda vyake na umeme wake, na upungufu wa asilimia 25 katika mnyororo wote kwa kila hektolita, yaani kwa kila lita 100 za kinywaji, vyote vikilinganishwa na 2017. Tofauti kati ya vipimo hivyo si ndogo. Anayeahidi kupunguza jumla lazima jumla ipungue. Anayeahidi kupunguza kwa kila hektolita anaweza kutimiza ahadi yake kikamilifu huku hewa ukaa yake yote ikipanda, iwapo anauza zaidi kila mwaka. Msomaji wa kijitabu chochote cha namna hii atafute kwanza neno hilo dogo, "kwa kila".

Kinachofuata ni mipaka ya hesabu. Utaratibu wa kuhesabu gesijoto unaotumiwa na kampuni karibu zote duniani huzigawa katika wigo tatu. Wigo wa kwanza ni kile kinachochomwa au kuvuja kwa kampuni yenyewe, kama mafuta ya boila na dizeli ya malori yake. Wa pili ni umeme inaonunua. Wa tatu ni yote yaliyobaki: mbolea ya mkulima wa shayiri, chupa, kopo, kreti, nauli, friji ya baa. Ahadi ya 2030 katika kijitabu kile ilihusu wigo wa kwanza na wa pili pekee, na katika kampuni za bia wigo hizo mbili ndizo sehemu ndogo. Kubwa iko katika wigo wa tatu, na ndani yake kifungashio kwa kawaida ndicho kinachoongoza. Meneja, kwa hiyo, alikuwa amesoma ahadi ya kiwanda akaielewa kuwa ahadi ya bia.

Umeme nao una mlango wake wa kujifichia. Kiwanda kinaweza kuuhesabu umeme wake kwa njia ya mahali, yaani kwa kuangalia gridi inayokilisha, au kwa njia ya soko, yaani kwa kuangalia mikataba na hati za nishati jadidifu kilizonunua. Kiwanda kilekile, chenye waya uleule, kinaweza kuwa na namba kubwa kwa njia ya kwanza na sifuri kwa njia ya pili. Utaratibu wenyewe unaitaka kampuni ionyeshe namba zote mbili. Kijitabu kilionyesha moja, na nadhani msomaji ameshajua ni ipi.

Watu wengi niliozungumza nao katika kisa hiki, akiwemo meneja, walidhani hewa ukaa ya bia ni ule mvuke na mapovu. Ni kosa linaloeleweka. Hamira inapokula sukari ya kimea hutoa kileo na hewa ukaa kwa uzito unaokaribiana, gramu 92 kwa gramu 88 kutoka katika kila gramu 180 za sukari. Kwa chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5, hiyo ni hewa ukaa ya gramu 19 hivi. Lakini shayiri iliivuta hewa hiyo kutoka angani katika msimu uleule, kwa hiyo haiingizwi katika wigo hizo tatu, na viwanda vingi huikamata na kuirudisha ndani ya kinywaji. Kinachohesabiwa kiwandani ni moto: maji ya kukandia kimea hupashwa hadi nyuzi 65 hivi, kisha mchuzi wote huchemshwa kwa saa nzima au zaidi, na baada ya hapo bia hupozwa na chupa huoshwa kwa maji ya moto. Boila ikiwashwa kwa mafuta mazito hewa ukaa ni nyingi, ikiwashwa kwa pumba au vumbi la mbao ni kidogo. Hapo kampuni za bia zimefanya kazi ya kweli na ningekuwa mkosefu wa haki nikikana.

Sasa chupa, ambayo ndiyo kisa.

Chupa nzito ya nusu lita, ile ya kurudishwa, ina uzito wa gramu 350 hivi. Kioo huyeyushwa katika tanuri la nyuzi 1,500, kutokana na mchanga, magadi na chokaa, na magadi na chokaa vyenyewe hutoa hewa ukaa vinapoungua, mbali na ile ya moto. Kwa makisio ya wastani, chupa mpya ya uzito huo hubeba hewa ukaa ya gramu 300. Chupa hiyo imetengenezwa nene makusudi ili irudi kiwandani, ioshwe, ijazwe tena, mara 20 au zaidi. Ikirudi mara 20, kila bia inabeba gramu 15 za kioo, ukiongeza kidogo kwa maji ya kuoshea. Ikirudi mara 5 kila bia inabeba gramu 60. Isiporudi kabisa, bia moja inabeba gramu zote 300, yaani mara kumi na tano zaidi ya hewa ambayo hamira iliitoa.

Niliingia bohari na mshika bohari, mtu wa makamo aliyezaliwa Makunduchi, anayeandika hesabu zake kwa chaki ukutani kabla ya kuzihamishia katika daftari. Upande wa kushoto wa ukuta kulikuwa na kreti zilizoingia, upande wa kulia kreti zilizotoka, na upande wa kulia ulikuwa mtupu kiasi kwamba nilidhani amefuta. Nyuma ya bohari, chini ya mwembe, kreti tupu zilikuwa zimepangwa juu kupita kichwa changu, zile za chini zimeshaota mchwa na mchanga, na pembeni yake rundo la chupa zisizo na kreti lenye maji ya mvua ndani. Nilimuuliza kwa nini hazirudi.

"Maalim, chupa hizi zimekuja kwa nauli ya mwenyewe, na zinataka kurudi kwa nauli yangu," akanijibu. "Amana ya kreti hainilipi gari hadi bandarini Malindi, sembuse meli. Na zikivunjika njiani, nakatwa mimi."

Jibu hilo lina hesabu nzima ndani yake. Bara, gari lililoshusha kreti zilizojaa huondoka na zile tupu mlangoni pa baa, na amana inatosha kumfanya kila mtu azitunze. Kisiwani chupa tupu hupanda gari dogo la kukodi hadi bandarini, ikalipiwa ushuru na wapagazi, ikangoja nafasi katika meli ya mizigo, ikashushwa Dar es Salaam na kupakiwa tena. Kila hatua ina mkono unaotaka kulipwa, na amana ilipangwa na mtu aliyekuwa akiifikiria baa ya Kariakoo.

Meneja aliposikia haya alisema jambo ambalo nilililalia usiku mmoja: kwamba huenda si vibaya chupa zisirudi, kwa sababu kuzirudisha kunachoma mafuta ya meli na gari. Ni hoja inayostahili kupimwa, na ikipimwa haisimami. Kutoka Malindi hadi Dar es Salaam ni kilomita 70 na kitu za bahari, na kutoka hoteli hadi Malindi ni 50 na kitu za barabara. Lori lililojaa hutoa gramu 100 hivi za hewa ukaa kwa kubeba tani moja kilomita moja, na meli ya mizigo hutoa chini ya hapo. Ukiipa chupa tupu ya gramu 350 nafasi yake katika safari yote hiyo, hata ukiongeza maradufu au mara tatu kwa sababu gari letu ni dogo na lina nafasi wazi, unapata gramu chache tu, chini ya kumi. Hizo ndizo gharama za kuokoa karibu 300. Bahari, ambayo kila mtu katika kisa hiki aliilaumu, haina hatia. Kinachozuia chupa ni shilingi, wala si mafuta.

Hali ilizidi kuchanganyika mwanzoni mwa 2024, wakati waagizaji wa vileo waliozoeleka hawakuhuishiwa leseni na wengine wakapewa, kukatokea uhaba uliosikika hadi nje ya nchi. Hoteli ilinunua ilichokipata: chupa za kurudishwa, chupa nyepesi za kutupwa, makopo. Baada ya hapo haikurudi tena kwenye aina moja, na bohari ikawa na kreti za msambazaji ambaye hakuwa tena msambazaji wao. Nani azipokee? Aliyekuja hakuzitambua, aliyeondoka hakuwa na sababu ya kuzifuata. Nilizihesabu kama chupa zilizokufa, na naamini nilikuwa sahihi.

Kopo nalo liligeuka kuwa jambo la kuvutia kuliko nilivyotarajia. Kopo la nusu lita lina aluminiamu ya gramu 16 hivi, na aluminiamu mpya ni ghali sana kwa hewa ukaa, lakini kwa uzito huo mdogo bado linabeba pungufu ya chupa ya kioo iliyotumika mara moja. Zaidi ya hapo lina mnunuzi. Vijana wanaopita na magunia wakiokota makopo ufukweni wanayauza kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu, na kuyeyusha aluminiamu iliyotumika kunaokoa asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya. Kioo hakina gunia linalokifuata. Kuna mafundi wachache wanaokata chupa kuwa bilauri na vikinga taa, kazi nzuri kuitazama, lakini nyingi huishia kwenye dampo la Kibele au kwenye shimo la nyuma ya hoteli. Kwa hiyo mpangilio wa bohari ile, kutoka bora hadi mbaya, ulikuwa chupa inayorudi, kisha kopo, kisha mbali sana nyuma yao chupa isiyorudi, iwe nyepesi au nzito. Na ile nzito ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu imebeba unene wa safari 20 na ikasafiri moja.

Friji nitazigusa kwa ufupi ingawa hazistahili ufupi. Hoteli ilikuwa na mbili za milango ya vioo, zenye rangi na nembo ya kampuni, zilizotolewa kwa mkopo na kuwekwa barazani ambako jua la alasiri linazipiga usoni. Tulipozifungia mita, kila moja ilikula uniti sita kwa siku. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na tangu mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuwashwa 2024, umeme huo una maji mengi na gesi pungufu kuliko zamani. Lakini gridi ikikatika jenereta hutoa uniti tatu hivi kwa lita ya dizeli, na lita ya dizeli ni hewa ukaa ya kilo 2.7, kwa hiyo siku nzima ya jenereta friji moja ni kilo tano na zaidi. Baya zaidi ni gesi ya kupozea. Bamba la nyuma liliandikwa R134a, gesi ambayo kilo yake moja huipasha dunia zaidi ya kilo 1,300 za hewa ukaa katika miaka 100. Friji moja ilikuwa imejazwa gesi upya mara mbili na fundi kutoka mjini, maana yake ilikuwa inavuja. Gramu 300 zikivuja ni sawa na kilo 390 za hewa ukaa, yaani chupa mpya 1,300. Hoteli haikuziandika friji hizo popote, ikisema si mali yake.

Tuliiandikia kampuni, kupitia msambazaji, maswali mawili: chupa zinazokuja Zanzibar zinarudi mara ngapi, na gesi inayovuja katika friji zao za visiwani inaandikwa wapi. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, la heshima na la kweli kwa kadiri ninavyoweza kuona. Lilisema kwamba kampuni hutumia wastani wa nchi nzima wa mizunguko ya chupa, kwamba visiwa havihesabiwi peke yake kwa kuwa ni sehemu ndogo ya mauzo, na kwamba friji nazo huhesabiwa kwa wastani wa aina yake.

Hakuna uongo katika jibu hilo. Chupa zinazouzwa Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam zinazunguka vizuri, na wingi wake unaifunika ile isiyorudi kutoka Jambiani kama maji ya bamvua yanavyofunika mwamba. Ahadi ya kupunguza asilimia fulani inaweza kutimia kwa ukamilifu bila chupa hata moja kurudi kutoka Unguja au Pemba. Hata hivyo hoteli haiuzi wastani. Inauza bia iliyoletwa na meli ile, ikapozwa na friji ile, na chupa yake iko chini ya mwembe ule. Na wakala wa Ulaya ameuliza habari za hoteli, si za nchi. Kuchukua namba ya kampuni na kuiandika katika dodoso kungekuwa kukopa usafi wa baa za Bara.

Kwa hiyo nilipendekeza mstari wa bia uandikwe kwa hesabu ya bohari yenyewe: chupa zilizorudi kwa mzunguko wake, zisizorudi kwa uzito wake wote, makopo peke yake, friji na gesi yake ndani ya hesabu ya hoteli hata kama kampuni nayo inaziandika, kwa kuwa kitu kimoja kuonekana katika wigo wa kwanza au wa pili wa mmoja na wa tatu wa mwingine ni jambo la kawaida katika utaratibu huu. Namba iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko makisio ya kawaida ambayo meneja alitaka kuyapunguza nusu. Hakufurahi. Alisema hoteli jirani wataandika ya kijitabu na wataonekana wasafi kuliko yeye, na sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu ni kweli.

Alichokubali ni kuzungumza na hoteli nne za jirani ili kreti zao tupu zipande lori moja, mara moja kwa wiki mbili, likajaa. Kumtaka msambazaji aliyepo azipokee Malindi badala ya ghalani kwake Dar es Salaam, kwa kuwa meli iliyoleta mzigo hurudi na nafasi. Na kuzihamisha friji kutoka barazani. Msambazaji aliafiki kuzipokea, lakini kreti zenye nembo yake tu. Zile za mwenzake wa zamani alizikataa hata bure.

Nilipita tena mwezi uliofuata. Friji moja ilikuwa imeingia ndani, ile inayovuja ilikuwa bado barazani ikingoja fundi wa kampuni. Chini ya mwembe rundo lilikuwa limepungua kwa theluthi. Upande wa kulia wa ukuta wa bohari ulikuwa na chaki, mistari kumi na miwili iliyofungwa kwa mafungu ya tano, na chini yake mshika bohari ameandika tarehe ambayo lori lilikwenda Malindi likakuta meli inashusha saruji, likalala huko na kreti zake hadi asubuhi ya pili.